Maabara Iliyoleta Kipindupindu Tajirika

Siku waliyoniaga kazini walinipa saa ya ukutani. Sijui nani aliwaza kwamba mtu akistaafu ndipo anapoanza kuhitaji kujua muda. Aliyesoma hotuba alisema kwamba mimi, Mama Kabula, nimejenga uwezo wa maabara katika ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu anayestahili. Ukweli ni kwamba kwa miaka yote hiyo anayejengewa uwezo nilikuwa mimi. Nimejengewa uwezo Shinyanga, nimejengewa Mwanza, nimejengewa Dodoma, mara nyingi hotelini, na kila mara nimerudi nyumbani na begi la kitambaa na kalamu isiyoandika. Kama uwezo ungekuwa tofali, leo ningekuwa ghorofa.

Esta, anayeshika funguo za maabara baada yangu, ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili yenu mnaoanza. Alisema niandike mafanikio. Nimejaribu, ila kila nikianza na mafanikio najikuta nimefika kwenye kuhara. Basi nivumilieni, ndiyo kazi tuliyoichagua.

Nilianzia Kishapu, kwenye kituo cha afya kilichokuwa njia ya kwenda Songwa, upande wa mgodi wa almasi. Maabara ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mbegu za pamba, na panya walikuwa hawajapewa taarifa ya mabadiliko. Hadubini yangu ilikuwa ya kioo, yaani haikutumia umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kukinga mwanga wa nje na kuurusha juu kwenye damu unayoitazama. Asubuhi niliisogeza dirisha la mashariki, mchana nikaihamishia la magharibi, nikilifuata jua kama alizeti. Wingu likitanda, kazi imekwisha.

Sasa fikirieni maana yake. Mvua zikinyesha mbu wanazaliana, watu wanaugua malaria kwa wingi, na ndiyo miezi ambayo mimi sikuwa na mwanga wa kuiona. Kiangazi, jua kali, malaria chache, nami ninaona kila kimelea hadi macho yake. Taarifa zangu zikaenda wilayani zikionyesha kwamba Kishapu malaria inapungua masika. Ofisa mmoja akaja na gari kutupongeza. Nilimweleza habari ya mawingu. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniambia nisiwe mtu wa kujikatisha tamaa. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la ufuatiliaji wa magonjwa, na sikulipata hotelini.

Kutoka hapo nilipelekwa hospitali moja Kahama, na huko ndiko nilikofundishwa kazi. Mkuu wa maabara alikuwa Bi. Zuhura, mama wa mtaa wa Nyasubi ambaye baba yake alitoka Tanga kufuata biashara na hakurudi tena. Alivaa koti jeupe juu ya baibui, na viatu vya kufunika vidole hata wakati wa joto lile la Oktoba. Ukija na ndala alikurudisha nyumbani, na ukirudi ulikuta kazi yako inakusubiri, imeongezeka. Alitufundisha kuandika jina la mgonjwa kwenye kichupa chenyewe na siyo kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana yenyewe kwa yenyewe, wala haisemi. Alitufundisha kutazama hadubini macho yote mawili yakiwa wazi. Alitufundisha pia kwamba neno ni "haijaonekana", siyo "hana", kwani sisi tunajua tulichokiona tu, aliye nacho Mungu ndiye anayemjua.

Siku moja alikuja mfanyabiashara mkubwa wa soko la Nyasubi, mtu aliyekuwa akisalimiwa hadi na mbuzi. Alikuwa anakohoa muda mrefu. Makohozi yake tuliyapaka, tukayapiga rangi, na kifua kikuu kilikuwa wazi kama shanga nyekundu zilizomwagika kwenye shuka la bluu. Yeye akawa hataki. Alimwambia Bi. Zuhura kwa sauti ya upole kwamba ana safari, ana hadhi, na angependa karatasi isome vingine. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, natetemeka kwa niaba ya wote wawili.

"Nenda ukalete makohozi ya mtu mwingine," Bi. Zuhura alimwambia. "Nitakupa majibu ya huyo mtu."

Yule baba aliondoka kwa hasira, akarudi kesho yake kuchukua dawa. Alipona, akaendelea kusalimiwa. Bi. Zuhura naye alistaafu kabla yangu, bado yuko Nyasubi, na mpaka leo nikimpigia simu kwanza hunisahihisha "r" zangu na "l" zangu za Kisukuma, ndipo ananiuliza habari za watoto.

Halafu ikaja barua ya kunihamishia ukanda wa dhahabu, ng'ambo ya Buseresere, ukiacha barabara ya Biharamulo na kuingia porini. Kituo kilikuwa kipya na maabara ilikuwa bado jina. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuwa umeamua kuwa machimbo yale, kwa jinsi watu wanavyoingia na kutoka, yawe na maabara ya kukamata milipuko mapema. Lilikuwa wazo zuri, na nalisema bila utani. Watu wa mataifa yote walipita pale. Mtu aliweza kuamka Burundi, akalala Chato, na kesho yake akawa Chunya.

Kitu cha kwanza kuletwa lilikuwa kabati la usalama. Ni kabati kubwa la chuma na kioo linalovuta hewa ili vijidudu visikurukie usoni unapofanya kazi. Lilikuja kwenye lori, limefungwa vizuri, na halikupita mlangoni. Tukajaribu dirisha. Mwishowe tukabomoa ukuta, tukaliingiza, tukajenga ukuta. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akaliwasha, likavuma vizuri, akatoa hotuba juu ya teknolojia. Alipoondoka akaondoka na jenereta, maana lilikuwa la kuazima. Umeme wa gridi ulikuja baada ya misimu kadhaa ya kilimo, na hata ulipokuja ulikuja kama mgeni, haukai. Kabati tulilifunika kitambaa cha maua. Wagonjwa walidhani ni jeneza la mzungu.

Kilichofanya kazi kilikuwa inkubeta, sanduku dogo la joto linaloatamia vijidudu kama kuku aatamiavyo mayai, na jiko la mafuta ya taa. Nawaambieni hili kwa sababu vitabuni mtasoma kwamba kuotesha vijidudu kunahitaji mitambo. Chakula cha kuoteshea kipindupindu kinachemshwa tu kwenye chupa, hakihitaji mtungi wa mvuke, na kikipoa unakimimina kwenye visahani kikawa kijani kama jeli. Kijidudu cha kipindupindu kikiota juu yake kinakigeuza njano. Umeme ukikatika, nilihamishia visahani kwenye boksi la kubebea samaki pamoja na chupa za maji ya moto. Esta alipoletwa kuja kunisaidia, akiwa ametoka chuoni na daftari lake safi, alitazama lile boksi, kisha akalitazama kabati lililofunikwa maua. Akaenda kuchemsha maji ya chupa. Nikajua tutaelewana.

Jirani yetu palizuka rashi, yaani habari kwamba dhahabu imeonekana, na ndani ya msimu mmoja pori likawa mji wa maturubai. Wenyewe waliuita Tajirika. Sijapata kuona mahali penye maskini wengi namna ile. Walikuwa na maduara, yale mashimo ya kushukia chini kufuata mwamba, walikuwa na karasha za kusaga mawe, walikuwa na baa, kanisa na msikiti wa mabati. Choo hawakuwa nacho cha kutosha. Maji ya kunywa yalitoka kwenye kisima kimoja bondeni, mali ya mwenye maduara mengi kuliko wote, Bosi Shija. Alikuwa Msukuma wa Kishapu kama mimi, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya ng'ombe, ile pana ya kauboi, na roho siyo mbaya. Kisima chake kilikuwa chini ya mteremko. Vyoo vichache vilivyokuwepo vilikuwa juu. Maji hayajui umiliki, yanateremka tu.

Wa kwanza kuletwa alikuwa mpishi wa mama ntilie. Aliharisha maji kama ya kuoshea mchele hadi macho yakazama na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mganga wetu mfawidhi, Dokta Lameki, kijana mtulivu, alimtundikia maji mikono yote miwili na akapona. Kabla hajatoka wakaja wengine, na mmoja alifia kwenye pikipiki, katikati ya ndugu wawili waliokuwa wamemshika wakidhani amelala. Nilichukua sampuli. Nilizitia kwenye mchuzi wa chumvi unaovipa vijidudu hivyo nguvu, nikazihamishia kwenye visahani, nikafunga inkubeta nikaenda nyumbani. Sikulala vizuri, siwadanganyi. Asubuhi nilifungua, na visahani vyote vilikuwa njano.

Nilimwita Esta atazame kabla sijamwambia ninachofikiri. Alitazama, akafanya vipimo vya kuhakiki bila kuambiwa, akaandika, akanisogezea karatasi. Tulikuwa tumeandika kitu kimoja. Napenda mjue kwamba siku ile nilifurahi. Ni furaha ya ajabu, na haifai kuelezwa mbele ya watu wenye msiba, lakini kwa mara ya kwanza jibu lilipatikana wakati mgonjwa bado yuko kitandani. Zamani sampuli ilipanda basi kwenda Mwanza, na jibu liliporudi mgonjwa alikuwa ama amerudi duarani ama amezikwa.

Furaha yangu iliishia kwenye kikao. Mimi na Dokta Lameki tuliitwa wilayani kueleza. Mwenyekiti wa kikao, ambaye alikuwa anasubiri ugeni mkubwa wiki hizo, alisikiliza, akavua miwani, akauliza swali moja.

"Kabla ya maabara hii kufunguliwa, tuliwahi kuwa na kipindupindu hapa?"

Dokta Lameki alijibu kwamba hatukuwahi kuthibitisha. Mwenyekiti akageuka kwa wajumbe kama wakili aliyemaliza kesi. Hapakuwa na kipindupindu, ikaja maabara, sasa kipo. Wajumbe wengine walicheka kidogo, wengine waliandika. Ikaamuliwa kwamba ugonjwa uitwe "kuhara kwa maji", kwamba sampuli ziende Mwanza kuthibitishwa, na kwamba mpaka hapo mtu yeyote asilitaje lile jina wala asifunge kisima cha mtu, maana kufunga kisima ni kuleta taharuki. Bosi Shija alikuwa amealikwa kama mdau. Alisimama akasema vijana wake wana afya, wanachimba mchana kutwa, na kwamba wanaoharisha ni walevi. Watu wake, alisema, hawana muda wa kuharisha.

Nilifungasha sampuli nikazipeleka stendi ya Buseresere. Kondakta aliuliza ndani kuna nini, nikamwambia vifaa vya hospitali, akaliweka boksi juu ya viti pamoja na kuku wa abiria. Nilirudi kituoni nikakuta wagonjwa wameongezeka. Wauguzi walikuwa wanakata matundu kwenye vitanda vya turubai na kuweka ndoo chini. Tuliwapeleka wahudumu wa kijamii Tajirika wakagawe dawa ya kutibu maji. Walitii agizo, hawakulitaja jina. Waliwaambia watu: chemsheni maji, kuna kile kitu. Watu wakauliza kitu gani. Wakajibiwa: kile.

Siku iliyofuata, jioni jua likiwa bado juu, gari la Bosi Shija liliingia uani kwa fujo. Nasimulia haya bila kuvunja siri ya mgonjwa, maana mwenyewe ameyasimulia kwenye kila harusi na kila matanga tangu siku ile, na kila mara anaongeza. Dereva alishuka akaja kwangu akasema bosi ana rafiki yake anayeumwa tumbo, anaomba dawa ampelekee. Nilichungulia garini. Rafiki alikuwa amelala kiti cha nyuma, amevaa kofia ya ng'ombe.

Tulimbeba watu wanne. Dokta Lameki alimtundikia maji, na kwa kuwa hema tulilowasimikia wagonjwa uani lilikuwa limejaa, kitanda pekee kilichobaki kilikuwa katikati ya vijana wake mwenyewe. Nadhani hakuna aliyefurahia hali ile, bosi wala vijana. Kitanda chenye tundu hakina heshima, na ndoo inasikika. Lakini adabu ni adabu. Kijana wa kulia, ambaye asubuhi yake alikuwa karibu kufa, aliinua kichwa akasema, "Shikamoo, bosi." Na bosi, macho yamezama, akajibu marahaba. Salamu ikazunguka hema zima hivyo, kitanda kwa kitanda, nasi tuliokuwa tumesimama tukatoka nje tukajifanya tunatafuta kitu.

Alipopata nguvu ya kusimama hakukubali bado. Alisema alikula samaki mbaya. Alisisitiza kuwa yeye hanywi maji ya kisima, anakunywa ya chupa, mpaka mke wake alipomkumbusha kuhusu barafu ya kwenye kinywaji chake. Akaja hadi dirisha la maabara, amejishikilia ukutani, akaniomba nimwonyeshe hicho kinachosemwa. Sikumruhusu kuingia, lakini niliviinua visahani viwili vilivyofungwa vizuri, nikamwonyesha kupitia kioo. Kimoja kilikuwa chake, kingine cha mtu mwingine wa humo hemani, sikumwambia nani. Vyote vilikuwa njano, vimejaa vidoa vilivyolingana.

Alivitazama muda. "Mayu," aliniita, na ndiyo mara ya kwanza kuniita mama kwa Kisukuma, "changu ni kipi?"

Nikamwambia atafute mwenyewe.

Akainamia kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akarudi kwa cha kwanza. Halafu akafuta kioo kwa kiganja, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake asubuhi kisima kilikuwa kimefukiwa kwa kifusi cha karasha. Alikifukia mwenyewe, kwa maana ya kwamba alikaa kwenye kiti akaelekeza. Magari yake ya kubebea mawe yakaanza kuleta maji kutoka kwenye bomba la Buseresere, yakatiwa dawa mbele ya macho ya Esta, ambaye alipewa mwavuli na soda. Vijana wakachimbishwa vyoo kwa ufundi wa maduara, virefu kuliko ramani ya afya inavyotaka. Niliwahi kuchungulia kimoja nikaogopa kwamba watafika kwenye mwamba wa dhahabu na choo kigeuke mgodi. Wagonjwa wakapungua, kisha wakakoma. Tulizika watu wachache. Sitasema wachache kana kwamba ni jambo dogo. Mpishi yule wa kwanza alimpoteza mdogo wake, na kila nikimwona ananikaribisha chai na mimi nashindwa kumaliza kikombe.

Majibu ya Mwanza yalikuja wakati hema limeshavunjwa na vitanda vimeshaoshwa. Yalisema kama tulivyosema. Kikao kikaitishwa tena. Bosi Shija alipewa cheti cha mdau wa mfano katika mapambano dhidi ya kuhara kwa maji. Mimi nilipewa barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nililitaja jina la ugonjwa kabla ya muda wake. Nilijieleza. Nilimpigia Bi. Zuhura nikamsomea maelezo yangu, akasahihisha tahajia, akasema niyatume hivyo hivyo.

Baada ya hapo maabara ilianza kuaminika, na hilo likawa tatizo jipya. Tulikuwa tunapima kila kitu: kuhara damu, homa ya matumbo, kimeta kilichotoka kwa wafugaji waliokula ng'ombe aliyekufa ghafla. Kila tulichokiona tulikiandika. Mwaka mmoja kwenye mkutano wa mkoa ilionyeshwa ramani ukutani. Sehemu yetu ilikuwa nyekundu. Majirani zetu ambao hawakuwa na maabara walikuwa kijani kibichi, wanapendeza. Wakuu wao walipongezwa, na mmoja akaniambia kwa nia njema kabisa wakati wa chai kwamba anaweza kutupa mbinu zao. Nilimuuliza mbinu gani. Akasema usafi. Nikamshukuru. Esta alinikanyaga mguu chini ya meza ili nisiseme zaidi, akajimiminia chai.

Lakini wale wa kijani waliendelea kutuletea sampuli zao kimya kimya, kwa pikipiki. Tulizipima zote. Na polepole, mwaka hadi mwaka, ramani yao nayo ikaanza kupata rangi, na mkoa ukaanza kuuliza maswali ya maana zaidi kuliko nani kaleta nini. Umeme nao ukatulia. Siku moja Esta alitoa kitambaa cha maua, akaliwasha lile kabati, likavuma. Hakukuwa na mgeni rasmi.

Nimalizie na kisa cha mwisho, maana kilikuja nikiwa nimeshaanza kukabidhi.

Upande wa jirani kulisikika homa ile mbaya ya kutoka damu. Redio zikasema, simu zikasema zaidi. Basi Tajirika alikuwepo kijana mchimbaji, Paulo, aliyekuwa amekwenda mazishini huko huko na kurudi. Akashikwa na homa, akatoka damu puani. Kambi nzima ilihama siku ile ile. Watu walioshindwa kuhamishwa na kipindupindu walihamishwa na damu ya pua ya mtu mmoja. Mke wake, Mama Doto, alibaki peke yake na watoto mapacha kwenye nyumba ya mabati. Watu waliporudi mmoja mmoja, kwenye bomba walimkataza kushika koki. Ndoo yake ilijazwa na mtu aliyesimama mbali kwa mpira wa maji, kama anayeosha gari.

Mimi na Esta tulivaa mavazi yale ya kufunika mwili mzima, tukamtoa damu Paulo kwenye chumba cha kutengwa. Alikuwa anaogopa kuliko sisi, ingawa sisi tulikuwa na miwani yenye ukungu wa pumzi na hatukuweza kuhakikisha. Kipimo cha malaria kilisoma ana malaria hapo hapo. Hapa nawaomba muwe makini: kuona malaria hakumaanishi hakuna kingine. Malaria iko kila nyumba huku, inaweza kuja na mgeni. Kwa hiyo tulianza kumtibu malaria, tukafungasha damu katika vyombo vitatu, kimoja ndani ya kingine, ikaenda kwenye maabara ya taifa. Jibu likaja: haijaonekana. Kwa utaratibu tukachukua tena baada ya siku zinazotakiwa, tukapeleka tena. Haijaonekana. Paulo kwa wakati huo alikuwa anakula vizuri na kulalamika kuhusu mboga.

Aliruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi yake. Hakuna aliyeitaka. Bosi Shija, mtu wetu wa visahani viwili, alikataa Paulo kushuka duarani. Alikuja hadi ofisini kwangu kunieleza, kwa heshima zote.

"Mama Kabula, kipindupindu mlikiona usiku mmoja. Hiki mmetafuta mara mbili na hamjakiona. Si mtafute tena?"

Nilimpa karatasi ya Paulo aisome mwenyewe, akairudisha mezani. Tulikuwa tumejenga maabara, tukajenga vyoo, tukajenga imani. Watu sasa waliamini kwamba tukitafuta tunapata. Kilichokuwa kimebaki ni waamini kwamba tunaweza tusipate.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda Tajirika kwa miguu kutoka barabarani, njia ya katikati, polepole, ili nionekane. Nilibisha hodi kwa Mama Doto. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Nilimwambia nimekuja kula. Akasema hana kitu cha kumpa mgeni, ana nsansa tu, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na ugali. Nikamwambia mimi nimezaliwa Kishapu, nsansa ndiyo iliyonisomesha. Nikaomba tulie nje, ndani kuna joto.

Akaweka mkeka mbele ya mlango. Tukanawa. Paulo aliketi upande huu, mimi upande ule, mapacha katikati, sahani moja. Alimega tonge akalichovya, nami nikamega palepale alipomega yeye, nikachovya palepale alipochovya. Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo, kwenye karasha na kwenye kibanda cha vocha, wakijifanya wana shughuli. Mboga ilikuwa na karanga nyingi, tamu, nami nilikuwa na njaa kweli, kwa hiyo sikuwa naigiza.

Tulipofika katikati ya sahani, mwanamke mmoja alijitenga na kundi. Alikuwa yule mpishi wa mama ntilie. Alikuja hadi kwenye mkeka, akasimama, akamtazama Paulo, akanitazama mimi. Halafu akamwomba Mama Doto maji. Akanawa kwa sabuni, kila kidole, hadi kwenye viwiko, taratibu kuliko hata tulivyowafundisha. Akakaa chini, akamwambia Doto asogee, akamega tonge.